Mama Nyiraneza Anajifunza Njia za Ranguni

"Ukitaka kuvuka barabara ya Ranguni, Mama, usiangalie kushoto kwanza. Angalia kuume. Kule motokari zinapita upande wa kushoto, haiko kama huku kwetu."

"Kuume," Nyiraneza alimrudishia Kabera.

"Kuume. Na usikimbie. Yule anakimbia njo anagongwa. Tembea polepole, kama unapitisha ng'ombe mwenye mimba. Madereva watakuzunguka."

"Basi batu ba kule bako na akili. Huku Sake dereva akiona mwanamuke na kikapo chake, anapiga honi na kuongeza mwendo."

Sasa utaniuliza: mwanamke mwenye miaka sitini na kitu, tumbo limevimba, wiki ya pili hajala kitu zaidi ya uji wa mtama kwa kijiko, amelala kwenye kitanda cha kamba juu ya mlima wa Masisi, Kongo, na katika maisha yake yote hajafika mbali kuliko soko la Sake, ana shughuli gani na barabara za Ranguni, mji wa nchi ya Burma, Asia huko, wiki nyingi kwa meli? Ngoja. Nitakuambia, ila usinikatize.

Alikuwa anasafiri, ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anakufa, na alijua anakufa; padri alikuwa amekwisha kumpaka mafuta siku ya Jumatatu, na mama akamshukuru vizuri. Lakini baada ya kufa alikuwa na safari. Mwanawe wa pekee wa kiume, Théogène, alikwenda vitani mwaka wa 1942, mbeba machela katika hospitali ya askari wa Kongo, na hakurudi. Na katika ukoo wa Nyiraneza kulikuwa na desturi moja ambayo maji ya ubatizo hayakuifuta. Aliyekufa ugenini harudi peke yake, kwa sababu hajui njia. Lazima mtu wa damu yake aende mahali palepale alipoangukia, amwite kwa jina, kisha amlete nyumbani akimtajia kila mto na kila njia panda: hapa tunavuka, hapa tunapinda, inama kuna tawi. Ukimwita mahali pengine, hata hatua ishirini pembeni, hasikii. Na aliyeenda kumwita harudi mikono mitupu. Anakaa hukohuko akiita.

Baba mdogo wa Nyiraneza, aliyefia ugenini Pinga chini ya mzigo, aliletwa hivyo. Nyiraneza alikuwa msichana, alimwona shangazi yake akipanda mlima akizungumza na hewa, na kila mtu akimpisha njiani kana kwamba ni watu wawili.

Ranguni haifikiki kwa miguu, wala Wabelgiji wasingempa mjane wa mlimani pasi ya kwenda hata Goma bila maswali. "Lakini nikikufa," alisema Nyiraneza, "nani ataniomba pasi?"

Na mtu pekee wa milima ile aliyewahi kukanyaga Ranguni alikuwa Kabera, rafiki wa Théogène tangu utoto, mbeba machela kama yeye. Kabera ndiye aliyerudi mwaka wa 1946 na habari: Théogène amekufa kwa homa, hospitalini Ranguni, juu ya shuka jeupe, akazikwa nyuma ya kanisa la matofali mekundu, na msalaba wake una jina. Mama alilia, akapiga magoti, akashukuru kwamba mwanawe alilala kitandani. Ulikuwa uongo. Hakuna aliyejua ila Kabera, na Kabera alikuwa ameubeba uongo huo miaka saba.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Waongo! Ya Kabera ilifika Asia.

Mwaka mmoja baada ya kurudi aliomba kazi ya mbali, akaenda kufanya kazi ya uuguzi kwenye dispanseri ya Walikale, kule kwenye msitu, ili asiwe anakutana na Nyiraneza kila Jumapili mlangoni mwa kanisa. Mjinga. Mtu anakimbia mvua ya Burma, anakimbilia Walikale! Kule mvua inanyesha kama ilivyonyesha kule, miti inadondosha maji yaleyale, tope ni lilelile. Na kila mvua ilipoanza, kabla haijashika kasi, Kabera alisikia sauti ya Théogène kutoka nyuma ya miti, yenye utani kama siku zote: "Kabera! Mumefika?"

Hakuijibu hata siku moja. Aliinamisha kichwa na kufunga vidonda vya watu.

Ndipo mwaka ule wa 1953, dereva wa lori alimletea neno kutoka kwa Vestine, binti wa Nyiraneza: Mama anakuita, ana maneno ya kukuuliza kuhusu Ranguni, njoo haraka. Kabera aliomba ruhusa, akapanda lori akikalia magunia ya mchele, na njia nzima alifikiri mama amejua. Alipofika akakuta hajui kitu. Anataka kufundishwa mji.

Kwa hiyo siku ya kwanza alimfundisha kuvuka barabara. Alimfundisha kwamba kule maji ya kunywa ni hatari, anywe chai, chai iko kila kona, watu wameketi kwenye viti vifupi kama vya kukamulia ng'ombe.

"Muzimu unakunywa chai?" aliuliza Vestine, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni.

"Nyamaza wewe," mama yake alisema. "Njia ni refu. Kabera, endelea."

Alimwambia kuhusu vigari vinavyokokotwa na watu: patana bei kabla ya kupanda, na ukikataa, kataa kwa kucheka, usikasirike. Nyiraneza alitaka kujua ni nani hasa anayekokotwa, kama ni machifu.

"Kila muntu, Mama. Hata muke wa muuza samaki."

"Muke wa muuza samaki kwa kipoyi!" Alicheka mpaka tumbo likamuuma, ikabidi Vestine amgeuze ubavu. Kipoyi ni kile kiti cha kubebwa mabegani, na pale kwao aliyewahi kukikalia ni bwana mkubwa wa serikali na chifu. "Kweli nitaenda kuona mambo."

Siku ya pili alimfundisha mitaa. Mji wa Ranguni, alisema, umepangwa kama matuta ya viazi. Mitaa imenyooka, yote inateremka mtoni. Katikati kuna nyumba ya kusali ya watu wa kule, yenye ncha ya dhahabu, na barabara kubwa zote zinakutana hapo zikiizunguka. Ukipotea, inua macho uitafute ile dhahabu, rudi pale, anza upya. Ukiingia, vua viatu.

"Hilo nimeshinda mbele ya kuanza," alisema Nyiraneza, akionyesha miguu yake ambayo haikuwahi kuvaa kiatu.

Usimguse mtoto kichwani hata akiwa mzuri namna gani. Usimwelekezee mtu nyayo zako ukikaa. Asubuhi utaona mapadri wao wenye nguo za rangi ya kutu wanapita na bakuli. Mwanamke asiwaguse, apishe. Ukiona mate mekundu chini, usiogope, si damu, wanatafuna majani. Mama alirudia kila kitu kama mtoto wa katekisimu, na alipokosea alijipiga mwenyewe kofi mkononi.

"Sasa kaburi," alisema.

Kabera akaanza: "Toka kwa nyumba ya zahabu, fuata jua linapotokea. Hesabu mitaa kumi."

"Sijui kusoma namba zao."

"Hesabu tu."

Nyiraneza akatoa rozari chini ya mto. Akaweka kidole kwenye punje ya kwanza. "Mutaa mumoja," akasema, akasogeza. "Mitaa mbili." Akaenda hivyo mpaka ya kumi, akakuta punje kubwa inayosimama peke yake. Uso wote ukafunguka. "Kumi! Na hapa njo kanisa! Vestine, unaona? Mungu aliniwekea njia mu mikono tangu zamani."

Kabera alitoka nje kana kwamba anakwenda kukojoa. Alisimama kwenye migomba. Nyuma ya kanisa lile hakukuwa na makaburi. Kulikuwa na uwanja mdogo wa majani, na mbuzi.

Vestine alimfuata. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo pia alikuwa na maharage kwenye kitenge chake. "Kaka Kabera, unamuambia kweli?"

"Nasema vile niliona."

"Kwa sababu Mama akifika kule na akakosa kumupata, hatarudi. Unajua desturi yetu. Atakaa anaita tu, mu mji wa batu bengi vile, na hakuna hata mumoja anamujua. Nitakuwa nimepoteza wawili."

"Najua, dada."

"Basi," alisema Vestine, akarudi ndani.

Sasa nikuambie ukweli, maana Kabera hajawahi kuusema mpaka hapa, na mimi siwezi kuubeba zaidi.

Ilikuwa porini huko Burma, siku nyingi kabla ya Ranguni, msimu wa mvua. Lori la wagonjwa lilikuwa linazama kwenye tope, magurudumu yanazunguka bure. Théogène mwenyewe alikuwa ameshikwa na homa, amelazwa kwenye machela ileile aliyowabebea wengine. Sajini akasema mzigo ni mzito, mtu mmoja ashushwe, lori litarudi kumchukua mchana huohuo. Hakusema nani. Alimwambia Kabera achague.

Wagonjwa walikuwa sita mle ndani. Mmoja alikuwa analia, mmoja anatukana, wengine walikuwa wamemshika Kabera suruali. Kabera alimchagua Théogène. Alimchagua kwa sababu yeye ndiye asingelalamika. Hilo ndilo lililokuwa linamla: wengine aliwaogopa, na rafiki yake hakumwogopa.

Walimweka chini ya mti mkubwa wenye majani mapana kama sahani, wakamfunika blanketi. "Tunarudi mchana," Kabera alisema. Théogène akakubali kwa kichwa. Lori likang'oka, likaenda hatua kumi, likazama tena. Na Théogène, meno yakigongana kwa homa, akapaza sauti kutoka chini ya mti: "Kabera! Mumefika?"

Watu wote wakacheka, hata yule aliyekuwa analia. Kabera naye alicheka. Kisha lori likaondoka.

Mto ulichukua daraja kabla lori halijarudi. Kabera alirudi siku ya nne. Alikuta machela. Alikuta blanketi, na blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe, kama walivyofundishwa. Théogène hakuwepo. Hakukuwa na damu, wala alama, wala mnyama. Aliita mpaka sauti ikakauka.

Baadaye, walipofika Ranguni kungojea meli, wiki tatu, wenzake walilala na kucheza karata. Kabera alitembea. Mitaa yote ya mji ule aliijua kwa mguu, kwa sababu kila mtaa aliuingia akiangalia nyuso, maana mtu anayeweza kukunja blanketi anaweza kutembea. Alijifunza kuvuka barabara, alijifunza chai, alijifunza bei za vigari. Alikuwa anatafuta mtu mmoja mweusi mwenye pengo la jino la mbele. Siku ya mwisho alipita nyuma ya kanisa la matofali, akaona ule uwanja wa majani, umetulia, akasema moyoni: mama angependa hapa.

Ukweli ni huo. Uongo wake ulianza kama huruma, na nusu yake ilikuwa woga.

Siku ya tatu, mchana, Nyiraneza alikuwa amedhoofika sana. Macho yalikuwa makubwa, sauti ndogo. Lakini rozari ilikuwa mkononi, na midomo ilikuwa inafanya kazi: mutaa mumoja, mitaa mbili. Alikuwa anafanya mazoezi. Vestine alikuwa amekaa upande wa kichwa chake na kitambaa chenye maji.

Mawingu yalishuka mlimani. Tone la kwanza likapiga paa la nyasi, na Kabera, aliyekuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akasikia, karibu kabisa, nyuma ya ukuta wa udongo ambako alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile: "Kabera! Mumefika?"

Akainua kichwa. Nyiraneza alikuwa anamtazama.

"Nani ameita?" mama akauliza.

 Miaka saba Kabera alidhani ni kichwa chake kibovu. Akamwangalia Vestine, Vestine hakuwa amesikia kitu, alikuwa anakamua kitambaa. Na hapo Kabera alivunjika. Alilia kama mtoto aliyevunja chungu, na katikati ya kilio akasema yote. Mti. Lori. Blanketi. Uwanja wa mbuzi. Kwamba alichagua, na kwa nini alichagua. Hakujipunguzia hata neno moja.

Alipomaliza, mvua ilikuwa imeshika. Vestine alikuwa amesimama, kitambaa kinadondosha maji sakafuni. "Mwanaharamu," alisema taratibu. "Miaka saba tunalipia misa ya mbuzi."

"Mwache," alisema Nyiraneza.

 Kabera alitamani atukanwe, apigwe, chochote. Mama alikuwa anasogeza zile punje kwa kidole gumba, moja moja, bila kuhesabu.

"Alikunja blanketi?" akauliza mwishoni.

"Ndiyo, Mama."

"Nilimufundisha mimi." Machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza siku zile tatu, yakaingia masikioni. "Na ule muti, uko njia gani?"

"Sijui jina la njia, Mama. Kulikuwa pori tu. Lakini nikiona nitaujua. Naota ule muti kila mara."

"Basi sikia." Alimshika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa baridi na wenye nguvu kuliko mtu angetarajia. "Mimi niko na damu, wewe uko na njia. Mimi peke yangu sitaona muti. Wewe peke yako, hatakusikia. Mimi nitatangulia Ranguni, kwa sababu njo njia nimejifunza. Nitaangalia kuume. Nitavuka. Nitaketi pale kwa nyumba ya zahabu, pale njia zote zinakutana. Wewe siku utakufa, usiende kwanza kwa mama yako, usiende kwa Bwana Yesu, atakungojea, Yeye iko na subira. Pita pale unichukue, unipeleke kwa ule muti."

"Ndiyo, Mama."

"Apa."

Kabera aliapa, mkono juu ya rozari.

"Mama," akasema baadaye, kwa sauti ya chini, maana alikuwa na miaka thelathini na tatu na mwili mzima, "na kama nitakawia?"

Nyiraneza alifumba macho. Kitu kama utani kilipita mdomoni mwake. "Kabera. Mu maisha yangu umeniona wapi nangojea muntu? Hata soko ya Sake, bwana yangu alikuwa anakimbia nyuma yangu." Kisha akasema, bila utani: "Usikawie."

Alikufa kabla ya jua kuzama, mvua ikiwa imekatika. Vestine alimzika na fimbo yake ya kutembelea na rozari. Kabera aliruhusiwa kuchimba, ila hakuruhusiwa kula pale nyumbani. Vestine alimpa mkono alipoondoka, kwa ajili ya mama yake tu, na alimwambia hivyo.

Kabera alirudi Walikale. Aliendelea kufunga vidonda na kugawa kwinini. Watu waliona mabadiliko mawili. La kwanza, alipovuka barabara nyekundu mbele ya dispanseri, ambapo lori hupita mara moja kwa siku tatu, alisimama ukingoni, akaangalia kuume kwanza, upande ambao hakuna kitu kinachotoka, kisha akavuka polepole kama anapitisha ng'ombe mwenye mimba. Watoto walimwigiza. La pili, alipopata homa kali mwaka wa 1955, na mganga wa dispanseri alipotaka kumpeleka Goma kwa gari, alikataa kabisa. Alisema kuna mama mzee amekaa njia panda miaka miwili, hajui lugha ya watu wa kule, na hapendi kungojea.

Walidhani homa imempanda kichwani. Labda.

Siku ya tano ya homa ile, mchana, mvua ilianza. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu wa Pinga mwenye mguu uliovunjika, ndiye aliyesimulia. Anasema Kabera aliketi ghafla, akageuza sikio dirishani, akatabasamu kama aliyeitwa na mtu anayemjua. Na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile alijibu, kwa sauti kubwa ya mtu anayemwitikia mwenzake upande wa pili wa bonde.

"Bado!" alisema. "Nakuja na mama yako!"

Kisha akashuka kitandani, akakunja blanketi lake, pembe juu ya pembe, akaliweka juu ya mto, akalala chini sakafuni kando ya mlango. Mtu wa Pinga alimwita mara tatu, hakuitika tena.